Ndiyo ya Pili

Lilikuwa neno moja tu: "Toeni." Lakini aliyeliandika ni Darius, na Darius alikuwa ameshafunikwa na mlima.

Wivine alilisoma asubuhi kwenye kompyuta, kikombe cha chai mkononi, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake pale Masisi, mashariki mwa Kongo. Akacheka, cheko la kujikaza. Jamani, nani tena huyu anayeleta mchezo na jina la marehemu?

Yeye na Darius walikuwa walinzi wa Mwito, maktaba ya programu: msimbo walioutunga na kuuacha wazi, yeyote auchukue bure ajengee programu yake. Vituo vya afya vya Masisi na Walikale viliuchukua. Mama akishikwa na uchungu, muuguzi anabonyeza simu, na pikipiki iliyo karibu inaitwa. Ila simu kuukuu za vituo vya mbali ziliita kwa amri ya zamani, isiyoficha kitu, hata mwenye bunduki aliyejua kusikiliza angejua pikipiki inapita wapi. Amri mpya ilificha yote. Siku toleo jipya likitoka, ya zamani ingekufa hapo hapo, na kituo chenye simu kuukuu kingeita hewa.

Basi ugomvi wao wote ulikuwa: litoke lini? Wivine alitaka haraka. Darius, maskini, alikuwa mzito kama punda kwenye tope. "Tungojee kituo ya mwisho, dada," alikuwa akisema. "Toleo haikimbie." Na kituo cha mwisho kilikuwa kule Walikale, ng'ambo ya machimbo ya Bisie, ambako Kasoki, mdogo wake Wivine, aliolewa, na sasa mimba yake ilikuwa imefika siku zake. Simu mpya za kituo hicho zilikuwa zimekwama njiani, mjini Sake, barabara imeharibika.

Sasa huyo Darius wa kungojea, leo ndiye anasema toeni?

Wivine akatazama tena. Chini ya neno palikuwa na alama ya kijani. Hapo chai ikamwagika.

Kanuni waliiweka wenyewe: toleo halitoki bila ndiyo mbili, na kila mlinzi hutoa ndiyo yake kwa ufunguo mdogo, kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambacho lazima kiguswe kwa kidole ndipo alama ya kijani itokee. Ufunguo wa Darius haukuwa kwa mtu. Ulikuwa kaburini. Mlima ulipoanguka kwenye barabara mwili wake haukupatikana, na kwao mtu asiyepatikana huzikiwa shina la mgomba; nalo likavishwa shati lake, likaliliwa kama mtu. Wivine, kwa uchungu, alilitilia kifuani kile kidude kilichobaki mezani, Darius ajue pale ni pake asirudi kutafuta. Na jina lake hakulifuta kwenye orodha ya walinzi, kwa maana kilio kilikuwa hakijaondolewa, matanga hayajaisha, na kulifuta kungekuwa kumfukuza.

Sasa harufu ikaingia chumbani, harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na chini ya meza kitu kikaanza kugonga polepole, ta, ta, ta, kama dole gumba juu ya plastiki. Wivine hakuinama kutazama. Alifunga mlango kwa kufuli akakimbilia kwa Mama Mukashema, mama yake Darius, akamkuta anamenya mihogo, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

Mama Mukashema aliweka kisu chini.

"Ulitia kitu yake mu kaburi?"

"Ndiyo, Mama. Ufunguo yake."

"Ee Yesu wangu! Shina tunaizika uchi ya vitu, na shati tu! Ile yenye iliingia ndani sasa iko na jina yake na mukono yake. Haiko mutoto wangu ule."

"Inatafuta nini, Mama?"

"Inatafuta wenye kuita. Simama, twende."

Walipanda kilimani alasiri ile ile, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mama na jembe lake, Wivine na rozari iliyolowa jasho mkononi, na kadiri walivyochimba ndivyo ile harufu ilivyozidi na ile ta, ta, ta ilivyosikika chini ya miguu yao, wazi kabisa, bila aibu, mpaka jembe likagusa shati, na shati lilikuwa bapa, halina shina, halina chochote, limefungwa vifungo vyote, na juu yake kile kidude, safi, cha moto kama kilichotoka mfukoni mwa mtu.

Mama Mukashema alikiweka juu ya jiwe akakiponda.

"Rudisha jina ya mutoto wangu!" alilia. "Toka! Kwa jina ya Bwana, toka!"

Kimya. Harufu ikakatika. Wivine akamkumbatia mama, wakalia wote wawili, na akashuka kilima akiwa mwepesi, ameshaamua: toleo lingengoja, hata mwaka.

Kufuli ilikuwa kama alivyoiacha. Alifungua. Ufunguo wake mwenyewe alikuwa ameusahau kwenye kompyuta, na juu yake palikuwa na udongo mbichi, alama ya kidole kimoja. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa: "Wivine: ndiyo." Toleo lilikuwa limetoka.

Alijaribu kurudisha amri ya zamani. Kompyuta ikadai ndiyo mbili, na ufunguo wa pili ulikuwa vipande kule kilimani. Akapiga simu kwa Philippe, muuguzi wa kituo cha Kasoki, akapiga, mtandao ukakataa, akapiga tena, mpaka sauti ikaja kwa mbali.

"Dada Wivine! Asante sana, Mungu akubariki! Uchungu ilimushika Kasoki, ninabonyeza simu, inakataa, nikasema leo tumekwisha. Kumbe pikipiki iko tayari inje!"

"Pikipiki gani, Philippe? Mimi sikutuma pikipiki!"

"Eh? Alisema wewe ndiyo ulimutuma. Anaitwa Darius. Mutu wa pole sana, hata kofia hakuitoa. Walishaenda na Kasoki, zamani."

"Wafuate mbio! Tuma mutu amurudishe!"

"Tutamupata wapi, dada? Walipita ku njia hatujuaka." Philippe akashusha sauti. "Tena alisema tusisumbuke na simu. Kuko mama mwingine hapa, bado hata hajashikwa na uchungu. Alimuangalia, akasema huyu, yeye mwenyewe atakuja kumubeba kesho."