Aliyemlisha Baba Yangu Mchana

"Vijiko vitatu tu, mzee wangu, halafu nakuacha upumzike."

Nilisimama mlangoni mwa wodi ya wanaume, mkoba begani, nikamtazama mtu aliyesema maneno hayo. Sikumjua. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba yangu, bakuli la uji gotini, mkono wake mmoja umemshika baba nyuma ya shingo kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Baba akameza. Uji kidogo ukamtoka upande wa mdomo uliolegea. Yule mtu akaufuta kwa kitambaa, bila haraka, bila kukunja uso.

Baba alikuwa amelazwa wiki tano. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikaondoka na maneno yake pia. Na katika wiki tano hizo sikuwahi kufika mchana hata siku moja. Nashona sare kwenye kiwanda kilicho upande wa pili wa mji. Mapumziko yetu ni nusu saa, na kwa nusu saa sifiki hata njia panda. Nilikuwa nakwenda jioni. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, tukaambiwa turudi nyumbani.

Mchana alikuwa anakwenda mchumba wangu, ambaye ofisi yake iko karibu na hospitali. Ndivyo nilivyojua mimi. Kila siku ananipigia: "Leo mzee amekula vizuri." Jioni nafika, namkuta baba amenyolewa ndevu, amekatwa kucha, shingo yake inanukia sabuni. Nilikuwa natoka pale moyo umejaa. Nilimwambia shangazi, dada yake baba, kwamba mwanamume anayemhudumia baba mkwe hivi hapatikani mara mbili. Harusi ilikuwa imebakiza wiki sita.

"Samahani, kaka," nikasema. "Wewe ni nani?"

Akageuka. "Bila shaka wewe ni binti yake. Huo uso hauhitaji utambulisho."

"Nimeuliza wewe ni nani."

"Mimi kinyozi. Kibanda changu kiko hapo nje ya geti."

"Mchumba wangu ndiye aliyekutuma?"

"Mchumba yupi, dada?"

"Anayekuja kila mchana kumlisha."

Kinyozi akalitazama bakuli. Nikaona anatafuta neno lisiloumiza. "Labda huwa tunapishana," akasema.

Mzee wa kitanda cha jirani akakohoa. "Mnapishana wapi? Binti, huku mchana haji mtu ila huyu. Mimi nimelala hapa mwezi mzima, sina kazi ila kuangalia nani anaingia na nani anatoka."

Nikatoka hadi kwenye ujia, nikaegemea ukuta, nikapiga simu.

"Mpenzi," mchumba wangu akapokea.

"Uko wapi?"

"Niko huku kwa mzee, namlisha uji. Leo amekuwa msumbufu kidogo, lakini nambembeleza hivyo hivyo."

"Mwekee simu sikioni. Nataka kumsalimia."

Nyuma yake nilisikia vikombe vinagongana, na mtu anaagiza chai.

"Mtandao unasumbua, mpenzi. Sikusikii vizuri."

Simu ikakatika. Haikupita dakika, ujumbe ukaingia: *Samahani, nesi ametutoa nje. Nitakupigia baadaye. Mzee anakusalimia.*

Baba hakuwa ametamka neno tangu aingie pale. Nikaandika: *Nipo wodini. Nimesimama mbele ya kitanda chake.*

Alama mbili zikageuka bluu: ameusoma.

Niliporudi ndani, kinyozi alikuwa amemlaza baba vizuri na anasuuza bakuli kwenye sinki la pembeni.

"Kwa nini unafanya haya?" nikamuuliza. "Wewe si ndugu yetu. Hata hatujuani."

Akafunga bomba kwanza. "Mama yangu alilazwa wodi ya wanawake, hapo ng'ambo. Miezi miwili nilikuwa nafunga kibanda saa sita, namletea uji. Akafariki. Tulipomaliza kuzika, saa sita ikifika miguu ilikuwa inanileta huku yenyewe. Ndipo, nikipita mlango huu, nikamwona mzee. Bakuli lake walikuwa wameliweka upande ambao mkono haufiki. Uji unapoa, naye anautazama."

"Na kumnyoa?"

"Sasa hiyo, dada, ndiyo kazi yangu. Nikae mbele ya ndevu kila siku nizitazame tu?"

Baba akacheka. Kicheko cha nusu mdomo, hakina sauti, lakini kicheko. Nikakaa chini kwenye kiti nikalia, nikiwa nimemshika baba kidole gumba. Kinyozi hakuniambia ninyamaze. Alichukua mfuko wake akaondoka polepole, akaturudishia pazia.

Jioni mchumba wangu alikuja nyumbani. Shangazi alimfungulia mlango, akatuacha sebuleni, ila alikwenda jikoni akaacha mlango wazi.

"Kaka yangu alifia wodi ile ile," alianza, hajakaa. "Siku ya kwanza nilifika getini nikashindwa kuingia. Nikakaa mkahawani mpaka muda ukaisha."

"Pole. Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuona umechoka. Nikasema nisikuongezee. Nikakwambia mzee amekula."

"Ulijuaje kwamba amekula?"

Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Na habari ya kunyolewa?"

"Wewe ndiye uliyeniambia. Ulinipigia unalia kwa furaha, unanishukuru kwa kumnyoa baba. Ningesema nini pale?"

"Ungesema, si mimi. Maneno mawili."

"Ulikuwa unanisifu," akasema taratibu. "Hakuna mtu aliyewahi kunisifu vile."

Namwamini mpaka leo kwamba siku hiyo alisema kweli. Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka mitatu aliniheshimu, na mwanamke mwingine hakuwepo. Lakini nilimtazama, nikamwona baba akiwa peke yake, mdomo mkavu, bakuli liko pale, na mimi niko kiwandani nashona kola huku nimetulia kwa ajili ya maneno yake matamu.

"Sijakasirika kwamba uliogopa," nikamwambia. "Ungeniambia unaogopa, tungetafuta mtu. Hata mzee wa kitanda cha jirani angesaidia. Wewe ulimwacha baba yangu na njaa, ukanipa mimi usingizi. Hilo siwezi kulala nalo kitanda kimoja."

Nikavua pete, nikamwekea juu ya meza. Aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo alikuwa halishwi na mtu?" akauliza.

"Alikuwa analishwa. Na mtu asiyetudai chochote."

Alipoondoka, shangazi alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Mwanangu, kadi zimeshasambazwa. Uongo wenyewe mdogo. Ukitafuta mwanamume asiyedanganya utazeekea dirishani."

"Basi nitafutie mto, shangazi. Nitakaa hapo dirishani."

Akaguna. Baadaye nilimsikia chumbani kwake akipiga simu kwa ndugu mmoja mmoja, akiwaambia harusi haipo, na aliyeuliza sababu alijibiwa, "Binti yetu ana akili zake. Mwache."

Baba aliruhusiwa baada ya wiki tatu. Kila Jumamosi kinyozi alikuja nyumbani kumnyoa, akakataa malipo, akakubali chai. Alikuwa anaongea na baba kana kwamba baba anajibu: habari za mteja aliyesinzia akanyolewa nusu, habari za mvua. Nami nikaanza kujikuta Ijumaa usiku nafikiria nivae nini kesho, kana kwamba ninayenyolewa ni mimi.

Kisha Jumamosi moja akaja kinyozi mwingine. Ujumbe ulikuwa umemtangulia kwenye simu yangu: *Dada, nimemtuma mwenzangu, ana mkono mzuri. Nimesikia uchumba wako ulivunjika. Sipendi watu waseme ni mimi niliyeuvunja. Msalimie mzee.*

Nilisoma mara nyingi. Nikaandika majibu, nikayafuta. Miezi miwili ikapita hivyo.

Maneno ya baba yalikuwa yanarudi kidogo kidogo, moja leo, moja wiki ijayo. Asubuhi moja nilikuwa namvalisha soksi, akaniuliza, silabi kwa silabi, "Kinyozi... yuko wapi?"

"Yuko kazini kwake, baba."

"Na wewe... unakaa hapa... kwa nini?"

Siku hiyo nilipotoka kiwandani nilikwenda moja kwa moja mpaka kibandani. Alikuwa anafagia nywele. Aliponiona, akaacha fagio.

"Mzee ana nini?"

"Mzee ni mzima. Anakuulizia. Na mimi pia."

Akanivutia kiti. Mwenyewe akabaki amesimama. "Watu watasema nilikunyemelea kupitia kwa mgonjwa."

"Hao watu walikuwa wapi saa sita mchana?"

Akatabasamu, kisha tabasamu likapotea. "Kabla hujasema zaidi, kuna jambo. Pale hospitali sikukueleza yote. Nilipomwona baba yako mara ya kwanza, sikumlisha. Alinitazama, nikajifanya sijaona, nikapita. Siku ya pili nikazunguka upande wa dirishani ili macho yetu yasikutane. Siku ya tatu ndiyo nilikaa. Ninyi wote mnaniita mwema. Shangazi yako ananiita malaika. Siku mbili, dada, nilimwacha mgonjwa na njaa, nikaenda zangu. Nimeona ulijue hilo kabla hujanipenda kwa jambo ambalo si kamili."

Nilimkumbuka mtu aliyebeba sifa za wiki tano ambazo hazikuwa zake. Na mbele yangu alikuwepo mwingine, amekuja mwenyewe na siku mbili ambazo hakuna mtu duniani angemuuliza.

"Ulishamwambia baba?" nikauliza.

"Sijaweza."

"Njoo Jumapili umwambie. Sasa anajibu."

Alikuja Jumapili mchana, amevaa shati la mikono mirefu, hana mfuko wake wa kazi, na mikono hajui aiweke wapi. Shangazi alileta chai, akakaa, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kumwambia asikae. Kinyozi akamweleza baba kila kitu, siku ya kwanza, siku ya pili, hakuruka neno.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kusaka maneno. Tulimsubiri. Chai ilipoa.

"Nilikuona," akasema. "Siku ya kwanza. Na dirishani... nilikuona."

Kinyozi akainamisha kichwa.

"Nilipokuwa na miguu yangu," baba akaendelea, jasho likimtoka kwa kazi ya kusema, "mimi pia... nilipita watu. Wengi. Ila mimi... sikurudi."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Baba akapumua kidogo, akamtazama kinyozi, akanitazama na mimi, akauliza, safari hii bila kukwama hata mara moja:

"Basi mnaoana lini?"

Kinyozi akanitazama kwa hofu, kama mtu aliyesukumwa mtoni kabla hajavua viatu.

"Mjibu mzee," nikamwambia. "Mimi niko tayari."

Tulioana miezi mitatu baada ya hapo, sebuleni kwetu, watu wasiozidi ishirini.