Mke Wangu Ndiye Aliyenitoa Jukwaani

—Kaka, lile koti lako la mchezo lilete leo. Nataka nilipunguze mabega.

—Mabega yangu yamekukosea nini, fundi?

Upande wa pili wa simu alikuwa fundi wa mavazi. Akasimamisha cherehani.

—Kwani... shemeji hajakwambia?

—Aniambie nini?

—Koti atavaa yule kijana, Springi. Mwalimu kapitisha jana. Samahani kaka, nilidhani mmeshaongea.

Mwepesi akakata simu. Alibaki kakaa ukingoni mwa kitanda, chupa ya maji moto kaibana nyongani. Jina la Mwepesi alipewa na watazamaji, tangu enzi alipokuwa akiruka jukwaani mpaka watu wanashika vichwa. Na huyo Mwalimu aliyetajwa hakuwa mtu baki. Alikuwa mkewe wa ndoa.

Mkewe naye alianzia kwenye dansi, safu ya nyuma kabisa, kule ambako hata mama yako mzazi hakuoni. Lakini alikuwa na jicho. Wenzake wakikosea, anawavuta kwenye korido anawarekebisha. Akaanza kutunga dansi za michezo midogo midogo. Ulipokuja mchezo mkubwa wa nyimbo na dansi, ule ambao kila mtunzi aliutolea macho, Mwepesi alimfuata mkurugenzi ofisini, akamwambia bila kupepesa: "Dansi atunge mke wangu. Hutaki, tafuta na dansa mwingine."

Mke akapewa kazi. Na sasa hili.

Jioni mkewe aliporudi, mkoba begani, alimkuta mumewe sebuleni. Koti limetandazwa mezani.

—Mkurugenzi kakulazimisha, sio?

Mke akalitazama koti. Akaelewa. Akaketi.

—Nilitaka kukwambia leo.

—Nimekuuliza, kakulazimisha? Sema ndiyo tu, mama. Nitaamini.

—Hapana. Alisema uamuzi ni wangu.

—Na ukaamua.

—Ulimwangusha binti wa watu mazoezini! Ulimnyanyua, nyonga ikakataa, akaanguka kwa mgongo mbele ya macho yangu. Angevunjika shingo je?

—Niliteleza.

—Hukuteleza. Mimi nalala na wewe, baba. Nakusikia unavyoguna ukijigeuza. Ukiingia bafuni unafungulia maji nisikusikie. Unamdanganya nani?

—Kama ulijua, kwa nini hukuniambia hapa, mimi na wewe? Mpaka niambiwe na fundi cherehani? Fundi!

—Niliogopa.

—Uliniogopa mimi?

—Niliuogopa uso wako. Huo huo ulionao sasa.

Mwepesi akainuka. Alikunja mashati mawili matatu, akaenda kwa dada yake.

"Mume wangu, pokea simu," mke alimwandikia. Kimya. "Umekula?" Ujumbe ukasomwa. Kimya. Mwishowe aliyepiga alikuwa wifi yake.

—Wifi, kaka yangu yuko hapa. Anakula. Kulala ndiyo halali. Lakini usije kwanza.

—Anasema nini?

—Hasemi kitu. Ndiyo maana nakwambia usije.

Onyesho la kwanza lilikuwa mchana, na ukumbi ulijaa hadi ngazini. Springi alimnyanyua yule binti akamshikilia juu kana kwamba kashika shuka, na watu wakasimama. Mkurugenzi akamvuta Mwalimu jukwaani, akapewa maua. Machozi yalimtiririka, na kila mtu alidhani ni furaha.

Hakusubiri kupongezwa. Alitoka na maua yake moja kwa moja hadi kwa wifi. Mwepesi alikuwa jikoni, anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

—Binti alianguka?

—Hapana. Kijana alimshika vizuri.

—Mikono ilitetemeka?

—Hata kidogo.

Kisu kikasimama.

—Basi ulikuwa sahihi, akasema, kisha akalia. Tangu waoane mkewe hakuwahi kumwona akilia, na hakujua aweke wapi mikono. Akaweka maua kwenye sinki, akapiga magoti.

—Nisamehe. Si kwa kukutoa. Kukutoa ningekutoa tena. Nisamehe kwa kukuacha uyasikie kwa watu.

—Nikirudi nyumbani, narudi kama nani? Dansa wako nilimjua. Huyo mume asiyecheza mimi simjui, sijawahi kukutana naye.

—Mimi namjua. Ndiye aliyenioa.

—Basi umenizidi.

Hakurudi naye siku hiyo. Wifi alimsindikiza mlangoni akamwambia ampe muda, na mke akampa, ingawa kila akisikia hatua nje aliacha alichokuwa akifanya.

Siku aliyorudi hakupiga hodi, alifungua kwa ufunguo wake. Akauliza kama kuna chai. Ilikuwepo. Wakanywa.

Siku hizi anafundisha watoto kuogelea, kwenye maji ambako nyonga haimsumbui. Mkewe anatunga mchezo baada ya mchezo, na jina lake linaandikwa kwa herufi kubwa. Hawagombani. Wanapendana, ukiwaona utawatamani. Ila Mwepesi hajakanyaga tena ukumbi wowote, na mkewe hajawahi kumwalika. Redio ikianza kupiga muziki mle ndani, mmoja wao huinuka taratibu akaizima, na mwingine huendelea kuongea kana kwamba hakusikia.