Kasha Asilolificha Mwalimu

"Euro mia tatu na kumi na mbili, Bi Ahlborn!" Mkuu wa shule, Bwana Dettmer, alipiga meza kwa kiganja. "Vifaa vilitoka vinane, vimerudi saba. Nani analipa? Mimi?"

"Usinipigie meza. Mimi si mwanafunzi wako."

"Nilikuambia tangu mwanzo! Watoto wa darasa la nane unawapa mitambo ya satelaiti wakakimbie nayo porini. Hesabu wanafeli, lakini makasha wanayajua!"

"Wanajifunza ramani kwa miguu yao badala ya kusinzia darasani. Na kifaa hakijapotea. Leo hii kitakuwa hapa mezani kwako, na utaniomba radhi mbele ya walimu wote."

"Kisipokuwepo?"

"Kata mshahara wangu."

Akatoka na kuubamiza mlango. Gesine Ahlborn hakuwa mtu wa kumeza maneno. Huo mchezo wa kusaka makasha hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, akizama matopeni kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Mtu anaficha kasha, anatangaza namba za mahali lilipo, wengine wanalifuata kwa kifaa. Alipoupenda akawapelekea wanafunzi wake, na sheria aliwapa mbili tu. Ukichukua kitu kwenye kasha, acha chenye thamani kama hiyo au zaidi. Na ukiondoka, okota takataka zote, uuache msitu safi kuliko ulivyoukuta.

Ronja Specht alikuwa anamsubiri kwenye benchi la ukumbini, koti limefungwa hadi kidevuni. Kifaa cha nane alipewa yeye.

"Haya, sema. Kiko wapi?"

"Nilikiacha ndani ya kasha, mwalimu."

"Ulikiacha?"

Msichana akafungua kiganja. Palikuwa na kipande cha madini ya fedha, hakijasafishwa, kikubwa kama harage. "Nilichukua hiki. Ulisema tuache chenye thamani sawa. Sikuwa na kingine."

Gesine alishindwa kujua acheke au apige kelele. "Kasha lipi hilo lenye fedha?"

"Lile la juu, karibu na shimo la mgodi wa zamani. Nilipoliona niliita, darasa zima likaja."

"Mimi nilificha makasha matano, Ronja. Karibu na shimo sikuficha kitu."

Asubuhi Gesine alibaki chini kwenye basi na mtoto aliyebanwa na pumu, kwa hiyo huko juu hakufika. Akaichukua karatasi ya Ronja, akaangalia namba. Mara moja akaona kosa. Tarakimu zilizofuata nukta ni desimali za dakika ya digrii. Ronja alizisoma kana kwamba ni sekunde. Kosa la kila anayeanza. Mshale wa kifaa ulimpeleka mbali kabisa na kasha la mwalimu, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na chochote.

"Lakini lilikuwepo," Ronja akasema polepole.

Gesine alimpigia simu mama yake Ronja, akaomba ruhusa, wakaondoka.

Mwezi wa Novemba jua la huko halina subira. Walipoegesha gari mwanga ulikuwa umeshaanza kufifia, na ukungu unashuka kutoka mlimani. Misonobari ilikuwa imekufa. Wadudu walikuwa wameimaliza magome, ikabaki imesimama mitupu, ya kijivu, safu nyuma ya safu. Ronja alivaa taa ya kichwani. Gesine alishika simu mkono mmoja, na mkono wa pili mfuko wa takataka, kama kawaida yake.

Kasha walilikuta upesi.

Halikuwa kasha la mchezo. Lilikuwa mkebe wa bati wa kubebea chakula, mkuukuu, umezongwa na mizizi kando ya shimo lililozibwa kwa nondo. Ndani, kifaa cha shule kilikuwa kinawaka.

"Umeona? Rahisi," Gesine akasema. Akarudisha madini, akachukua kifaa. "Hapa hakuna anayemdai mwenzake."

Juu ya jiwe, kando ya nondo, palisimama kipande cha mshumaa wa mafuta ya mnyama. Chini yake kulikuwa na ganda la mkate mweusi.

"Watu hawana adabu! Wanakula, wanaacha uchafu wao." Akavitupa vyote kwenye mfuko wa takataka.

"Asubuhi mishumaa ilikuwa minne," Ronja akanong'ona. "Tuliiokota yote. Huo... huo haukuwepo."

"Mlifanya vizuri. Twende."

Ndipo waliposikia.

Ko.

Kimya...

Ko. Ko.

Kutoka chini. Chini kabisa ya miguu yao.

"Maji hayo," Gesine akasema, ingawa maji hayagongi. "Usisimame. Tembea."

Walishuka. Gari lilikuwa karibu, maegesho yako chini tu ya mteremko. Walipita misonobari, wakapita misonobari, wakapita misonobari. Ukungu ukaingia katikati yao. Gesine akaangalia kifaa. Mshale ulielekea mbele, akaufuata kwa imani. Njia ikaanza kupanda. Hakukumbuka kama kulikuwa na mahali pa kupanda.

Taa ya Ronja ikaangukia nondo.

Mkebe. Mizizi. Jiwe.

"Tumezunguka," Gesine akasema. "Ukungu unapoteza watu, jambo la kawaida." Akaweka alama mpya kwenye kifaa: maegesho, namba kwa namba, akazisoma mara mbili kwa sauti. Wakashuka tena, safari hii kwa haraka, miguu ikiteleza kwenye matawi. Mshale mbele. Mshale mbele...

Nondo.

Akakigeuza kifaa huku na huku. Mshale haukugeuka. Uliendelea kuelekea shimoni.

"Toa vitu vyote mfukoni!" Hasira ilimpanda, kwa sababu hofu alikuwa hajazoea kuishughulikia. "Umechukua nini kingine? Usinidanganye, Ronja!"

Ronja akapindua mifuko ya koti nje. Peremende moja. Kitambaa. Alikuwa analia bila sauti. "Mimi nilibadilishana kwa haki, mwalimu. Kama ulivyosema."

Ko. Ko. Ko. Sasa ilikuwa juu zaidi. Kama mtu anayepanda ngazi ya mbao, anapapasa kila kidato kabla ya kukikanyaga.

Hewa ikaleta harufu. Mawe yaliyolowa. Mafuta ya mnyama. Utambi uliozimwa sasa hivi.

"Heri ya kupanda," mtu akasema.

Hiyo ndiyo salamu ya wachimbaji wa milima ile, ya kumtakia mwenzako arudi juu salama. Babu yake Gesine alikuwa mchimbaji. Mdomo wake ukajibu kabla hajafikiri: "Heri ya kupanda, babu."

Mzee alikuwa amesimama ng'ambo ya nondo. Kofia nyeusi isiyo na ukingo, na ngozi iliyofungwa kiunoni kufunika makalio, ile wachimbaji wa zamani waliyokuwa wakiikalia kuteleza miambani. Taa iliyokuwa mkononi mwake haikuwaka. Uso hawakuuona.

"Mtoto huyu hadaiwi," akasema kwa upole. "Alichukua, akaacha. Mmerudishiana. Safi."

"Basi tufungulie njia," Gesine akasema.

"Taa zetu je?"

"Taa gani? Sijachukua taa ya mtu!"

Mzee aliinamisha kofia kuelekea mfuko wa takataka.

Gesine akautazama mfuko. Akaufungua mfuko. Akakitoa kile kipande cha mshumaa, akakirudisha juu ya jiwe, na ganda la mkate chini yake.

Mshumaa ukajiwasha.

Chini ya ardhi mtu alivuta pumzi ndefu, kama aliyeonyeshwa mlango. Hatua zikapanda haraka, zikapita karibu yao, zikapotea kwenye ukungu. Hawakuona mtu. Waliona matawi makavu tu yakivunjika, moja baada ya jingine, kuelekea kijijini. Mshumaa ukazimika.

"Mmoja ametoka kazini," mzee akasema. "Wanne bado. Mishumaa yao iliondoka asubuhi."

Mfuko wa asubuhi. Gesine mwenyewe aliubeba hadi kwenye pipa la shule, akawapongeza watoto. Na lori la takataka lilipita saa sita mchana.

"Hatukujua," akasema. "Tulidhani ni uchafu."

"Wenzangu wamesimama kwenye ngazi. Ni giza. Mikono inachoka."

Ko... ko...

Gesine Ahlborn hakuwahi kukimbia deni. "Ronja, vua taa yako."

Akaiweka juu ya jiwe. Pumzi, hatua, matawi yakavunjika. Taa ikafa. Akaweka simu yake. Pumzi, hatua. Simu ikafa. Akabaki na kifaa cha shule, kioo chake kikimulika vidole vyake. Akamfikiria Dettmer na meza yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akatamani kuwa ofisini kwake akikaripiwa. Akakiweka.

Kioo kikazimika. Giza likawafunika.

"Sina kingine," akasema. "Simu yako iko wapi, Ronja?"

"Shuleni, kabatini. Uliniambia niiache..."

"Mtoto aende," sauti ya mzee ikasema, karibu zaidi sasa. "Yeye hadaiwi."

Gesine akaupapasa mkono wa msichana, akaufumbatisha funguo za gari. "Teremka moja kwa moja. Usigeuke nyuma. Ukifika jifungie ndani."

"Na wewe, mwalimu?"

"Nakuja nyuma yako. Nenda, mtoto mbishi wewe!"

Nyayo za Ronja zikateremka. Gesine akahesabu pumzi zake mwenyewe. Kisha, chini pale, taa za gari zikawaka mara mbili, za njano, na mlango ukafungwa. Gari lilikuwa karibu kiasi cha kurushiwa jiwe. Muda wote lilikuwa pale pale.

Akainua mguu.

Mkono ukamshika kwapani. Mkono wa baridi, uliolowa, umepita katikati ya nondo.

"Kesho," akasema kwa haraka. "Kesho asubuhi nitaleta mishumaa sanduku zima. Mimi sidanganyi mtu, muulize yeyote."

"Najua hudanganyi."

"Basi niachie."

Chini ya miguu yake mtu alikuwa anapapasa kidato, akikosa, akipapasa tena. Mtu huyo alianza kulia taratibu, kama Ronja alivyolia.

Taa za gari zikajizima zenyewe.

"Imebaki moja, mwalimu," mzee akasema sikioni mwake, na mkono wa baridi ukatua kifuani pake, juu ya moyo. "Lete."