Bafu la Watu Wawili

Mabasi ya Songea na Mbeya yalikuwa yamejaa stendi ya Makambako. Kijana mmoja mwenye koti zito la kijani na buti zenye tope alikuwa akifoka kwenye simu, "Dalali, mimi nipo hapa, wewe uko wapi?" Hatua mbili kutoka kwake, Fidelia, msusi mwenye gauni la kitenge cha njano, alikuwa akimfokea dalali huyohuyo kwa simu yake.

Walitazamana.

"Kamwene, dada. Na wewe umeahidiwa apatimenti ya Kitandililo?"

"Yenye vigae na choo cha ndani."

"Basi tumeuziwa mbuzi mmoja," kijana akacheka. "Naitwa Yusto. Nauza viazi."

Nyumba aliyowapeleka dalali ilikuwa na pande mbili, kila upande sebule na chumba, wakagawana. Bafu lenye choo lilikuwa moja tu, katikati. Fidelia alifungua mlango wa bafu, akaziba pua kwa mtandio. Mpangaji aliyehama aliacha ndoo ya maji yaliyooza, funza wakielea juu. Ukuta ulikuwa na utelezi mweusi kama kamasi.

"Siwezi. Bora nirudi kwetu Matembwe."

Yusto alivua koti, akaazima ufagio kwa Mama Anifa, mwenye nyumba, akaanza kusugua. Katikati ya kazi alitoka mbio mara tatu, akatapika nyuma ya nyumba, akanawa uso, akarudi kusugua. Fidelia aliliona hilo. Akakunja gauni, akaingia na dawa ya choo.

Kufikia baridi ya Juni walikuwa wakila sahani moja. Fidelia alisukia wateja sebuleni, akiwaosha nywele bafuni. Jioni moja alimpigia Yusto simu.

"Mpenzi, umefika wapi?"

"Bado ghalani. Nimechafuka, hata mimi unaweza kunimenya."

"Oga hukohuko! Usiniletee tope."

"Nikioga huku, nani atanisugua mgongo?"

"Ngoja kwanza mjomba wako aende Matembwe kutoa posa, ndipo udai mgongo!"

Mjomba alishapangiwa aende mwisho wa mwezi.

Kisha Yusto akaenda Njombe siku nne kununua viazi. Siku ya nne bafu lilicheua. Maji ya kijivu yenye mapovu na harufu ya panya mfu yalitambaa hadi sebuleni, yakalowesha viatu vya mteja. Saa hiyohiyo Yusto akaingia, buti zimejaa tope.

"Mchafu wewe!" Fidelia alipiga kelele. "Tope lako limeziba bomba! Nikikutazama natamani kutapika. Mjomba wako asiende kwetu. Siolewi na nguruwe!"

Wateja wawili waliinamisha vichwa, mmoja akicheka ndani ya khanga. Yusto alilitazama bafu. Akafungua mdomo, akawatazama wateja, akaufunga.

"Sawa, Fide."

Akachukua begi lake, akarudi Njombe.

Siku mbili Fidelia aliruka maji yale. Ya tatu alimlalamikia Mama Anifa, naye akamletea waya wenye ncha iliyopindwa.

"Huu ni wa Yusto. Chokonoa."

Fidelia alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akageuza uso, akachokonoa. Kitu kikanasa. Akavuta. Likatoka fundo refu kama mkono, linateleza, limeganda mafuta na sabuni. Ndani yake mlikuwa na nywele, na rasta nyekundu alizosukia wateja wake. Tope halikuwamo hata punje.

Alitapika palepale, mara mbili.

"Pole, mwanangu," Mama Anifa alisema, akimshika mgongo. "Mwenzio alikuwa akilitoa kila alfajiri kabla hujaamka. Aliniomba nisikuambie. Alisema utaona aibu, na kusuka ndiyo kazi yako."

Fidelia alinawa mikono mara tano, bado ikanuka. Akapiga simu.

"Yusto."

"Naam."

"Nimezibua bomba."

"Umetapika?"

"Mara mbili."

"Mimi siku ya kwanza tatu."

Fidelia alicheka huku machozi yakimtoka. "Mbona hukujitetea?"

"Mbele ya wateja wako? Nani angekuja tena kusuka?"

Fidelia akasema, "Nilikuita nguruwe. Nisamehe."

"Iliniuma, Fide. Iliniuma sana."

"Najua." Akautundika ule waya kwenye msumari wa upande wake. "Kuanzia leo bomba ni zamu yangu. Kila alfajiri. Rudi nyumbani."

"Nikirudi, nimwambie nini mjomba?"

"Mwambie avae koti zito. Matembwe kuna baridi."