Mabruki Ajifunza Kula Upya

Wanaume wa mtaa wetu wa Gongoni, hapa Tabora, hula chakula cha jioni barazani. Kila nyumba hutoa sinia lake. Mmoja huwanawisha wenzake, kisha mikono huingia. Hapo hakuna mchezo. Ukizubaa kidogo kwa kuhadithia habari za mjini, utakuta Shaban amekwisha fika upande wako wa sinia. Shaban ni balozi wetu wa nyumba kumi. Ni mtu mwema, lakini kwa kula hana mpinzani.

Mabruki naye alikuwa hodari. Yeye ni fundi bati katika ushirika wa mafundi. Hutengeneza ndoo, makarai na vibatari. Alikuwa akila haraka, anakunywa kata nzima ya maji, anajifuta mdomo na kumshukuru Mungu. Hivyo ndivyo alivyokula baba yake, na babu yake pia.

Kisha akaugua vidonda vya tumbo. Siku moja alitapika damu, akapelekwa hospitali kule Kitete. Kidonda kilikuwa kimekula sana. Ikabidi afanyiwe upasuaji. Madaktari walikata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, yaani tumbo lenyewe linalopokea chakula.

Ilihitajika damu. Mwanajuma, mke wa Mabruki, alituma habari kijijini Goweko kwa kaka yake, Masolwa. Hao wawili ni wa mama mmoja, baba mbalimbali. Masolwa hulima tumbaku na hurina asali porini. Alipanda treni ya kwanza aliyoipata. Alipofika hakuomba hata chai. Alikunja mkono wa shati, akalala kitandani, akatoa damu. Mabruki akapona upasuaji.

Siku ya kutoka hospitali, muuguzi wa wodi aliwaeleza mambo mengi juu ya kula na kunywa. Lakini Mwanajuma alikuwa anamtazama mumewe akisimama kwa miguu yake mwenyewe. Furaha ilimziba masikio. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mabruki naye alikuwa anawaza kitanda chake cha nyumbani.

Sasa, sisi watu wa Tabora tuna desturi yetu. Mtu akitoka hospitali, tunampa uji mwepesi wenye asali nyingi. Tunaamini asali inarudisha nguvu. Masolwa aliijua desturi hiyo kuliko wote. Alileta kopo kubwa la asali mpya.

"Shemeji," alisema, "hii nimeirina mwenyewe. Kunywa, damu irudi."

"Ahsante sana, shemeji. Sijui nikulipe nini."

"Nilipe kwa kunywa!"

Mabruki alikunywa bakuli zima, Masolwa akimtazama kwa furaha. Haukupita muda mrefu. Moyo ukaanza kumwenda mbio. Jasho jembamba likamtoka. Kichwa kikazunguka, tumbo likamnyonga, akakimbilia chooni na kuharisha. Aliporudi alikuwa anatetemeka.

"Vipi?" Masolwa aliuliza.

"Hamna kitu, shemeji. Uchovu tu."

Masolwa akarudi Goweko akiwa ameridhika. Mabruki hakusema neno. Mtu amekupa damu yake, utamwambiaje kwamba asali yake inakuumiza?

Mambo yakawa hivyo kila siku. Mwanajuma alimwona mumewe amelegea, akamwongezea asali. Mabruki alizidi kulegea, asali ikazidi. Maskini Mwanajuma! Alifanya yote kwa mapenzi, na kila kijiko kilikuwa kinamwangusha mume wake.

Jioni moja Mabruki alijikaza, akatoka barazani. Aliona aibu kukaa ndani kama mwari. Shaban alimsogezea sehemu nono ya sinia. Mabruki akala kwa mwendo wa zamani, tonge juu ya tonge, akashushia kata ya maji. Hakumaliza hata kunawa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akatapika vyote.

Tangu hapo alianza kukiogopa chakula. Akiletewa sahani, alisema, "Nimeshiba." Akiletewa maji, alisema, "Baadaye." Midomo ikamkauka. Suruali ikawa haikai kiunoni, akaifunga kwa kamba. Mwanajuma alipokwenda bombani kuteka maji, aliwasikia wanawake wakinong'ona.

"Yule amerudi kufia nyumbani."

Mwanajuma aliweka ndoo chini. Alirudi mikono mitupu, akaingia jikoni na kulia.

Bahati njema, wiki ile Bi Amne alirudi. Bi Amne ni jirani yetu na ni muuguzi wa siku nyingi. Alikuwa amekwenda Dodoma kumuuguza mama yake. Aliposikia habari za Mabruki, hakungoja kualikwa.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bi Amne. Shikamoo."

"Marahaba, Mwanajuma. Mbona macho mekundu? Mgonjwa yuko wapi?"

Mabruki alikuwa amelala mkekani. Alijaribu kuinuka. Bi Amne alimzuia, akamshika mkono, akaibana ngozi kidogo kwa vidole. Ngozi ilirudi polepole.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unakula nini, Mabruki?"

Mwanajuma akajibu badala yake. "Anapata uji wa asali asubuhi, mchana na jioni. Kila siku namwekea asali zaidi, lakini hapati nguvu!"

"Nimemuuliza yeye," alisema Bi Amne, akicheka kidogo. "Haya, Mabruki. Ukimaliza uji huo, unasikiaje?"

Mabruki alimtazama mkewe, kisha akatazama ukuta.

"Moyo unakwenda mbio," alisema. "Jasho linatoka. Kichwa kinazunguka, halafu naharisha."

"Mume wangu!" Mwanajuma alishika kifua. "Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Ni asali ya Masolwa."

Bi Amne akauliza tena, "Na mkojo una rangi gani?"

"Bi Amne! Mbele ya mke wangu?"

"Huyo mkeo ndiye anayekufulia. Sema."

"Kama chai ya rangi."

"Basi mwili wako una kiu. Sikilizeni nyote wawili. Mabruki, wewe ni fundi bati. Zamani tumbo lako lilikuwa kama debe. Daktari amelipunguza, sasa ni kama kopo dogo. Ukimimina debe zima la maji ndani ya kopo, itakuwaje?"

"Yatamwagika."

"Ndivyo hivyo unavyotapika. Tena si hilo tu. Zamani chakula kilikaa tumboni, kikashuka utumboni kidogo kidogo. Baada ya upasuaji kama wako, kinaweza kushuka mbio. Kitu kitamu na chepesi, kama uji wa asali, ndicho kinachokimbia zaidi. Kikifika utumboni ghafla, utumbo unavuta maji mengi kutoka mwilini. Hapo ndipo kichwa kinazunguka, moyo unakwenda mbio na mtu anaharisha."

"Kwa hiyo si uchawi?" Mwanajuma aliuliza kwa sauti ndogo. "Maana wifi yangu Mwanamkuu anasema ni kijicho."

"Mwanamkuu ana maneno. Huyu hajarogwa. Anakula chakula cha tumbo alilokuwa nalo zamani."

"Lakini redio inatuhimiza tule vizuri," alisema Mwanajuma. "Si ndiyo hiyo kampeni ya Chakula ni Uhai? Nasikiliza kila kipindi."

"Unafanya vizuri. Wao wanasema na watu wote. Mimi nasema na mtu aliyekatwa tumbo." Bi Amne alivuta kigoda karibu. "Kwanza, asali, sukari, soda na chai tamu, acha. Pili, kula kidogo, lakini kula mara nyingi. Badala ya milo mitatu mikubwa, kula mara tano au sita kwa siku, kila mara kisahani kimoja. Tatu, tafuna mpaka chakula kiwe laini kabisa kabla ya kumeza."

"Nitatafuna mpaka kesho!"

"Tafuna mpaka kesho, mradi uishi. Ukisikia umeshiba, acha, hata kama limebaki tonge moja. Usilionee haya tonge."

"Ale nini sasa?" Mwanajuma aliuliza.

"Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili, na aanze na hicho. Yai, samaki, dagaa waliosagwa, kuku laini, maharage yaliyopondwa. Kisha ugali kidogo au wali, na mboga iliyoiva vizuri. Maziwa mjaribishe kidogo kidogo. Yakimsumbua, acha. Karanga zisage, usimpe nzima."

"Na maji?"

"Maji ni lazima, lakini si pamoja na chakula. Maji yanakijaza kile kikopo na kukisukuma chakula. Akimaliza kula, angoje kama nusu saa, ndipo anywe. Anywe funda moja moja, siku nzima. Asipige kata! Mkojo ukiwa mweupe, mjue anakunywa vya kutosha. Na akiona kizunguzungu baada ya kula, ajilaze kidogo."

Mabruki alifikiri. "Na Ramadhani inakuja."

"Kwa mwili huo, mwaka huu usifunge. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Muulize shehe, atakwambia vilevile. Na kesho twende wote hospitali. Daktari akupime damu, maana tumbo likikatwa, damu inaweza kupungua. Huenda ukahitaji sindano au vidonge. Na siku yoyote ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, usingoje mtu. Nenda hospitali saa ileile."

Mwanajuma alikuwa akirudia kila neno kimoyomoyo. Safari hii hakupoteza hata moja.

Kesho yake walikwenda. Daktari alimpima Mabruki, akampa sindano, akayathibitisha maneno ya Bi Amne. Mwanajuma alianza kazi. Alitafuta kisahani cha chai, akakifanya kuwa sahani ya mumewe. Asubuhi yai. Baadaye maharage. Mchana samaki na ugali kidogo. Kati ya milo, kikombe cha maji kilikaa karibu na mkeka, na Mabruki akanywa funda moja moja. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, alikula na tumbo likanyamaza. Alilala usingizi mzuri, na Mwanajuma alikaa pembeni akimsikiliza akikoroma. Hakuwahi kuupenda mkoromo ule kama siku hiyo.

Lakini Jumamosi Masolwa akafika kutoka Goweko. Alikuwa na kopo jingine mkononi.

"Mwangaluka, shemeji!" alisalimu kwa Kinyamwezi, uso umejaa tabasamu. "Hii ni nzuri kuliko ile. Dada, lete uji!"

Mwanajuma alisimama, lakini hakwenda jikoni. Masolwa mwenyewe akachota asali, akamnyooshea Mabruki kijiko. Mabruki alikipokea. Alikitazama kwa muda. Mkono wake ukaanza kupanda mdomoni. Kisha akakirudisha ndani ya kopo.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Siwezi. Inanidhuru. Tangu siku ya kwanza ilinidhuru, nami nikaona haya kukwambia."

Tabasamu la Masolwa lilitoweka. "Asali yangu?"

"Asali yako haina kosa. Tumbo langu limekatwa, halichukui kitu kitamu. Wewe ulinipa damu. Nikasema moyoni, mtu huyu sitamkatalia kitu chochote."

Masolwa alikaa chini. Alilifunika kopo la asali, akalisukuma pembeni. Kisha akasema, kwa hasira ya mtu anayekaribia kulia:

"Mabruki, una akili kweli? Nimekupa damu ili uwe hai. Unataka kufa kwa ajili ya kunifurahisha mimi? Ukifa, nitafurahi na nani?"

Mabruki alilia. Masolwa naye akalia. Mwanajuma alishindwa kujizuia, akalia na kucheka pamoja.

"Haya," alisema Masolwa, akijipangusa uso. "Niambieni anakula nini. Goweko kuna kuku, kuna mayai, kuna maharage. Siwezi kukaa bila kuleta kitu."

"Lete hivyo, kaka," alisema Mwanajuma. "Na Mungu akubariki."

Ilibaki baraza. Mabruki alimweleza Shaban mambo yote. Balozi wetu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kula mara sita kwa siku! Na mimi nani atanikata tumbo?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu jioni ile Mabruki hutoka barazani na kisahani chake. Hutafuna polepole, wenzake humaliza sinia, na hakuna anayemharakisha. Siku moja mgeni alimsukumia sehemu nono na kumlazimisha. Shaban alimshika mgeni mkono.

"Mwache. Huyo ana utaratibu wake."

Mabruki hakunenepa mara moja. Kila alipokwenda kupimwa, mizani ilipanda kidogo. Safari moja ilishuka, kwa sababu alidanganyika na chai tamu kwenye harusi. Alijuta siku nzima, kisha akarudi kwenye utaratibu wake. Mashavu yakajaa. Kamba ya suruali ikatupwa. Alirudi kwenye ushirika, kwanza asubuhi tu, baadaye kutwa nzima.

Kilimo kilipokwisha, Masolwa alikuja tena Tabora. Aliposhuka kwenye treni, alitafuta kwa macho mtu wa kumpokea. Alimwona mwanamume anakuja kwa hatua ndefu, shati limekaa vizuri mabegani. Hakumtambua mpaka aliposalimiwa.

"Shemeji, karibu!"

"Mabruki? Umekuja kwa miguu?"

"Daktari ameniruhusu kutembea." Mabruki alimpokea kikapu chake, akakining'iniza begani, akatangulia. Masolwa alibaki amesimama, mikono mitupu, akimtazama mgongo. Ikabidi aharakishe kumfuata. Walipofika karibu na Gongoni, Masolwa alikuwa anahema.

Mabruki akageuka. "Shemeji," alisema, "ukichoka, sema. Nitakungoja."

Masolwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, Mabruki naye akacheka, katikati ya njia, watu wakipita. Mwanajuma alikuwa mlangoni. Alivisikia vicheko vya watu wake wawili kabla hajawaona, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaingia ndani kupakua chakula.