Kanuni ya Saba

Kinusapumzi, chombo kipya cha kutambua magonjwa, kilihitaji pumzi tatu tu. Mgonjwa hupuliza kwenye bomba lake, nacho hutaja kimelea cha ugonjwa kwa harufu, maana kila kimelea kina harufu yake. Mhandisi Namkunda, aliyekifundisha kunusa, alikuwa amefika zahanati ya Same kukitazama kikifanya kazi, na hakuficha majivuno yake.

Mzee Elinihaki Mbwambo, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa, alipuliza.

"Mafua ya kawaida," kikasema.

Muuguzi Semeni hakuridhika. Alichukua tochi, akachungulia. "Mh! Koo hili silipendi. Njoo uone, dada."

Utando wa kijivu ulikuwa umeganda kooni. Semeni alipougusa kwa kijiti cha kupelekwa maabara, damu ikatoka.

"Hili ni dondakoo," alisema. "Tusingoje maabara. Sumu yake hukimbilia moyoni."

Alimchoma mzee dawa ya kuzima sumu, akaanza kumpa antibayotiki. Namkunda, kijasho kikimtoka, akakiuliza chombo chake kwa nini hakikulitaja.

"Kanuni ya saba: kwa waliovuka miaka sitini, dondakoo lisihesabiwe," kikajibu.

Jioni maabara ikaleta jibu: kimelea ndugu wa kile cha dondakoo, chenye sumu ileile, kiishicho puani mwa paka. Chanjo aliyochanjwa mzee utotoni ilikwisha nguvu zamani. Wazee wote wa mtaa wakachanjwa upya, na paka wa Mzee Mbwambo akatibiwa pia, akimparura Semeni mikono yote miwili.

Siku ya nne sauti ya mzee ilirudi.

"Mwanangu, hiki chombo hutunza pumzi?" akamuuliza Namkunda.

"Zote, baba."

"Mke wangu alipuliza humu mwezi wa tatu. Tuliambiwa mafua. Baada ya wiki mbili akafa, tukaambiwa ni moyo. Paka alikuwa wake."

Namkunda alitamani kusema kumbukumbu za mwezi huo zimefutwa. Badala yake aliiondoa kanuni, akakirudishia chombo pumzi za marehemu. Kikanusa.

"Dondakoo."

Mzee akamgeukia Namkunda.

"Kanuni hiyo aliiandika nani?"

"Mimi, baba. Miaka mingi hakuonekana mzee mwenye dondakoo. Nikaona chombo kisipoteze muda."

Machozi yalimtoka Namkunda, naye hakuyafuta.

"Na wazee wengine walioambiwa ni mafua," mzee akauliza taratibu, "wako wangapi humo?"

Namkunda alivuta kiti. Pumzi za wazee hao zilikuwa elfu kumi na moja. Akaanza na ya kwanza.