Sajini wa Veneranda

Jumamosi ile soko la Uyole lilikuwa limefurika. Malori ya viazi yalijipanga kando ya barabara kuu, na matope yalikuwa yamewapanda watu hadi kwenye vifundo vya miguu. Lugano alikuwa akipakua miche ya parachichi kutoka kwenye pikapu yake alipohisi kitu kizito kimelala juu ya buti lake. Akatazama chini. Mbwa mzee wa rangi ya kahawia, mdomo wote mvi, alikuwa amejilaza pale kama aliyefika kwake.

"Sajini! Jamani, toka hapo!" Msichana mmoja alikuja mbio, gauni la kitenge cha njano amelikunja kwa mkono mmoja lisishike tope, sweta la bluu limefungwa kiunoni. "Samahani kaka yangu. Miguu inamuuma, akipata pa kuegemea basi haondoki tena."

"Mwache, ameshanichagua," Lugano alicheka. "Dada wa wapi?"

"Kwetu Iringa, ila naishi Soweto, hapa hapa Mbeya. Nina saluni pale. Naitwa Veneranda."

"Mhehe na mbwa! Huyu unamnenepesha kwa ajili ya Krismasi?"

"Utani wenu wa Wahehe kula mbwa umechakaa nyie Wanyakyusa," msichana akajibu, ingawa meno yalishaonekana. "Tafuta mwingine."

"Nipe namba. Nikiupata nitakupigia."

Alipiga jioni ile ile, na hakuwa na utani wowote mpya. Kufikia katikati ya majira ya mvua, wateja wa saluni walishaujua mlio wa simu ya Veneranda. Jina Lugano kwa Kinyakyusa ni upendo, naye alilichezea apendavyo.

"Upendo wangu, umefika salama?"

"Nimefika, mpenzi. Mzee hajambo?"

"Kalala. Siku hizi anakupenda wewe kuliko mimi."

Mzee ndiye Sajini. Marehemu Joachim, baba yake Veneranda, alimleta nyumbani kwao Tosamaganga, Iringa, akiwa kitoto kinachoenea kiganjani. Baba alipofariki na Veneranda akahamia Mbeya, Sajini alihama naye. Ndiye aliyemlinda, ndiye aliyemsikiliza akilia.

Kiangazi kilipoanza, Sajini akaanguka uani. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Daktari wa mifugo alimpima akakuta uvimbe mkubwa kwenye bandama, nao ulikuwa unavuja damu tumboni. Upasuaji ungewezekana Iringa, kwa Daktari Blandina. Lakini moyo wa mbwa mzee ungeweza kushindwa kuhimili dawa ya usingizi, na asipopasuliwa, uvimbe ungepasuka siku yoyote.

"Tutampeleka," alisema Veneranda. Lugano akainama kumfunika Sajini blanketi.

Asubuhi iliyofuata Veneranda alitoka na bakuli la uji, akamkuta Lugano uani anaongea na simu kwa sauti ya chini.

"Daktari, hakuna sindano ya kumlaza tu? Huyu ni mzee. Kumpasua ni kumtesa."

Bakuli likamponyoka.

"Unampangia kifo mbwa wangu kisirisiri?"

"Vene, nisikilize..."

"Kwako ni mbwa tu, eti? Sema!"

Lugano aliitia simu mfukoni. Kulikuwa na jambo alilopaswa kulisema, lakini hakulisema. Veneranda akauchukulia ukimya ule kuwa ndiyo.

"Toka nyumbani kwangu."

Akakodi teksi ya kwenda Iringa. Njia nzima Sajini alikuwa amelala juu ya blanketi, kichwa mapajani mwake, akihema kwa shida. Lugano alipiga simu, akapiga tena. Walipopita Makambako, Veneranda akaizima.

Kesho yake Sajini aliingizwa chumba cha upasuaji. Veneranda akakaa kwenye benchi la nje, mikono ameibana katikati ya magoti, baridi ya Iringa ikimpenya. Pikapu yenye vumbi ikasimama getini. Lugano akashuka, shati limekunjamana, macho mekundu. Akakaa mwisho wa benchi.

"Kamwene," akamsalimu kwa Kihehe, kama alivyofundishwa.

Veneranda akaendelea kutazama mlango wa chumba cha upasuaji.

"Mama yangu, Marta, alipasuliwa uvimbe tumboni," Lugano akaanza, akitazama chini. "Aliingia anacheka. Nikamwambia, mama, ukiamka utanikuta. Hakuamka. Nilikaa naye, mipira mwili mzima, namwita tu, mpaka akakata roho. Niliposikia Sajini anapasuliwa, nilikiona kile kitanda. Sikusema ni mbwa tu, Vene. Siwezi kusema hivyo."

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi wangu?"

"Nikianza kulisema nalia. Nawe ulikuwa na yako."

Veneranda alisogea mpaka mabega yao yakagusana. Wakalia wote.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Blandina alikuwa ameshusha barakoa kidevuni.

"Dada, pole. Ugonjwa umeshafika kwenye ini. Bado yuko usingizini, hasikii maumivu. Naweza kumshona aamke, lakini atakuwa na siku chache, tena za mateso. Au nimwache aende akiwa hivi hivi amelala. Uamuzi ni wako."

Veneranda alimgeukia Lugano. Lugano hakumshauri lolote. Alimshika mkono tu, akasema, "Utakaloamua, niko na wewe."

"Naomba nimwone."

Sajini alikuwa amefunikwa kitambaa cha kijani, kichwa tu kikionekana. Sikio lake lilikuwa bado la moto. Veneranda aliinama akamnong'oneza kwa Kihehe, maneno ambayo marehemu baba yake alikuwa akimwitia mbwa huyo. Lugano alishika mguu wa mbele.

"Asiamke, daktari," Veneranda akasema.

Pumzi zikapungua, zikapungua, zikakoma. Veneranda aliendelea kulipapasa lile sikio, na hakuna aliyemwambia aache.

Walimzika Tosamaganga, nyuma ya nyumba. Mama yake Veneranda, Mama Severina, alitoa khanga yake safi ya kumfungia, na jirani aliyetaka kushangaa akatazamwa mara moja tu, akanyamaza.

Alasiri Lugano alisimama kando ya pikapu. Miche yake ilikuwa inanyauka Mbeya, naye ilibidi arudi.

"Vene, kuna jambo nilitaka kukuuliza."

"Nalijua. Usiniulize leo. Leo nitakubali kwa kuogopa kubaki peke yangu. Niulize siku nyingine."

"Nitauliza."

Lugano alikuwa amefika Ifunda, njiani kurudi Mbeya, jua linazama nyuma ya misonobari, simu ilipoita. Akasimamisha gari kando.

"Niambie, mpenzi."

Sauti ya Veneranda ikatoka ndogo mno.

"Nimemwekea chakula, Lugano. Nimesimama mlangoni na sahani, namwita. Mama ananiangalia tu."

Lugano akawasha gari, akaligeuza kuelekea Iringa.

"Usikate simu," akasema. "Narudi. Usikate."